Uzi: x ikiwa pande zote mbili za mlinganyo, tuanze na mizani kabla ya "hamisha, badili alama"

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, natumaini mu wazima. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, na jioni hukaa na watoto wa mtaani kwetu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili wanaokuja na madaftari yao. Naomba tujadili jambo moja tu, nalo ni namna ya kutafuta thamani ya x katika mlinganyo ambao x ipo kushoto na ipo pia kulia kwa alama ya usawa. Kwa miaka mingi nimeona kwamba hapa ndipo kalamu nyingi husimama. Mtoto aliyekuwa akikokotoa 3x + 5 = 20 bila taabu hupewa 3x + 2 = 7x − 10, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, naanzia wapi?"

Swali lake ni la haki. Katika mlinganyo wa kwanza anaweza kurudi nyuma kwa njia aliyoizoea tangu shule ya msingi: ishirini ilipatikana baada ya kujumlisha tano, basi kabla yake palikuwa na kumi na tano, na kumi na tano ilipatikana kwa kuzidisha kwa tatu, basi x ni tano. Hiyo ni hesabu ya kawaida iliyofanywa kinyumenyume, na anaweza kuimaliza bila kuigusa x hata mara moja. Katika mlinganyo wa pili hakuna jibu la kuanzia safari ya kurudi, kwa sababu kila upande umebeba kitu kisichojulikana. Inambidi aishike x yenyewe, aijumlishe na kuitoa kama namba nyingine yoyote, ingawa bado hajui ni namba gani. Kwa maoni yangu hapo ndipo aljebra inapoanza hasa, na sisi walimu tunapita hapo haraka mno.

Kanuni ambayo wengi wetu tulifundishwa inasema: ukihamisha kitu kwenda upande wa pili, badili alama yake. Kanuni hii hutoa majibu sahihi ikiwa mikononi mwa mtu anayejua ilikotoka. Ikiwa mikononi mwa asiyejua, huzaa makosa ambayo mtoto hawezi kuyaona mwenyewe. Nimesahihisha madaftari ambamo 4x = 12 imegeuka kuwa x = 12 − 4, na mengine ambamo imegeuka kuwa x = 12 ÷ (−4), na ukimwuliza aliyeandika anakujibu kwa uhakika kabisa kwamba nne imevuka, kwa hiyo alama yake imebadilika. Mtoto huyo amefuata alichoambiwa. Hakuna aliyemweleza kwamba nne ile haikujumlishwa kwenye x, bali iliizidisha x.

Ndiyo maana siku hizi naanza na mizani yenye sahani mbili, ile ya mawe, ambayo bado inaonekana katika baadhi ya masoko yetu. Weka sahani ya kushoto mifuko mitano ya sukari iliyo na uzito sawasawa, pamoja na jiwe la kilo 3. Weka sahani ya kulia mifuko miwili kama hiyo hiyo, pamoja na mawe ya kilo 15. Mizani imetulia. Mfuko mmoja una kilo ngapi? Nikiuliza hivyo, karibu kila mtoto anasema tuondoe mifuko miwili kila upande, na hakuna hata mmoja anayesema kwamba mifuko imehama na kubadili alama. Inabaki mifuko mitatu na kilo 3 kushoto, kilo 15 kulia. Tunaondoa kilo 3 kila upande, inabaki mifuko mitatu kwa kilo 12, na mfuko mmoja ni kilo 4. Baada ya hapo tu ndipo ninapoandika ubaoni:

5x + 3 = 2x + 15
3x + 3 = 15
3x = 12
x = 4

Kila mstari ni picha ya mizani iliyotulia. Kisha tunarudisha 4 mahali pa x katika mstari wa kwanza kabisa: kushoto 20 + 3 ni 23, kulia 8 + 15 ni 23. Hatua hii ya kuhakiki mimi siihesabu kuwa nyongeza ya hiari, na sitoi alama zote kwa kazi isiyokuwa nayo, kwa sababu mlinganyo ni swali linalomruhusu mwanafunzi kujua kama amepata kabla mwalimu hajafika.

Mizani ina mwisho wake, na ni vyema kuukiri mapema. Katika 3x + 2 = 7x − 10 huwezi kuweka sahanini jiwe la kilo hasi kumi. Hapo nawaambia watoto tuache sahani lakini tubaki na wazo lake: pande mbili ni majina mawili ya namba moja, na namba moja ukiifanyia jambo moja hupati majibu mawili. Tunatoa 3x kila upande, tunapata 2 = 4x − 10. Tunajumlisha 10 kila upande, tunapata 12 = 4x, na tukigawanya kwa nne tunapata 3 = x. Tukihakiki, kushoto ni 11 na kulia ni 11.

Mtaona nimeiacha x upande wa kulia. Nilifanya hivyo kwa makusudi, maana kutoa 3x, iliyo ndogo, kunaniachia 4x chanya, ilhali kutoa 7x kungeniachia −4x, na alama hasi mbele ya x ni mlango wa makosa. Wanafunzi wengi huona vibaya kuandika 3 = x, kana kwamba jibu limekaa kichwa chini miguu juu. Hisia hiyo inatokana na kuisoma alama ya usawa kama neno "jibu ni". Robert Recorde, mwanahisabati wa Wales aliyeitumia alama hiyo kwa mara ya kwanza katika kitabu kilichochapwa mwaka 1557, alieleza kwamba alichagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Mistari hiyo miwili haina upande wa mbele wala wa nyuma. Ubaya wa kuisoma kama "jibu ni" hujitokeza pia pale mwanafunzi anapoandika mlolongo kama 12 = 4x = 12 ÷ 4 = 3, ambao unadai kwamba kumi na mbili ni sawa na tatu.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike uzi huu. Watu wawili wanakodisha viti vya shughuli. Wa kwanza anatoza shilingi 30,000 za usafiri na shilingi 500 kwa kila kiti. Wa pili anatoza shilingi 10,000 za usafiri na shilingi 700 kwa kila kiti. Ni viti vingapi vitakavyofanya gharama zao zilingane? Tunaandika:

30,000 + 500x = 10,000 + 700x

Tukitoa 500x kila upande na kisha 10,000 kila upande, tunapata 20,000 = 200x, yaani x = 100. Kwa viti 100 kila mmoja anataka shilingi 80,000. Mwanafunzi wa "hamisha, badili alama" atafika hapo hapo, lakini mwulize 200x ile ni kitu gani, atanyamaza. Hebu tuitazame. Kabla hujachukua kiti hata kimoja, wa kwanza ni ghali kuliko wa pili kwa shilingi 20,000. Kila kiti unachoongeza, wa pili anapanda kwa shilingi 200 zaidi ya anavyopanda wa kwanza, kwa hiyo pengo linapungua shilingi 200. Pengo la 20,000 linalopungua 200 kwa kila kiti linakwisha baada ya viti 100. Kutoa x kila upande ni kuuliza pengo linafungwa kwa kasi gani, na kutoa namba tupu kila upande ni kuuliza pengo lilikuwa kubwa kiasi gani mwanzoni. Mtoto akilielewa hili, mlinganyo wenye x pande mbili unakuwa hadithi ya vitu viwili vinavyokaribiana, na anajua pia kwamba chini ya viti 100 aende kwa wa pili, na juu ya viti 100 aende kwa wa kwanza.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa wanaofundisha.

Mchangiaji wa pili

Mwalimu, hongera kwa uzi huu. Niko Zanzibar, na nataka kuongeza jambo moja kuhusu asili ya maneno. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha hesabu huko Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun, na jina la kitabu lilitaja kazi mbili: al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kurudishia kilichopunguzwa, yaani pale upande mmoja unapokuwa na "kasoro kumi", unaongeza kumi pande zote ili upande ule uwe mzima. Al-muqabala ni kuvikabilisha vitu vya aina moja vilivyo pande mbili na kuondoa kiasi kinacholingana. Neno la kwanza ndilo lililozaa aljebra katika lugha nyingi. La pili tunalo mdomoni kila siku tunaposema duka lipo mkabala na msikiti. Kwa hiyo ule mlinganyo wako wa 3x + 2 = 7x − 10 ulifanyiwa muqabala ulipotoa 3x, na ukafanyiwa jabr ulipojumlisha 10.

Linalonivutia zaidi ni kwamba yeye hakuwa na x wala alama ya usawa. Aliandika yote kwa maneno, na kile kisichojulikana alikiita "kitu" kwa Kiarabu. Herufi za mwisho za alfabeti kama x, y na z kwa vitu visivyojulikana zilienea baada ya kitabu cha mwanahisabati Mfaransa René Descartes cha mwaka 1637.

Mleta mada

Ahsante sana, ndugu yangu. Hili la mkabala nitalipeleka darasani wiki ijayo. Linanisaidia pia kwa sababu nyingine: wanafunzi wetu wa shule za serikali Tanzania kwa kawaida husoma hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha Kidato cha Kwanza wanakutana na maelezo yale yale kwa Kiingereza. Mtoto anayepewa neno la lugha yake lililo ndani ya jina la kitabu kilicholipa somo jina lake anapata mahali pa kushika. Jioni, watoto wanapokuja nyumbani, nawaruhusu waseme kila hatua kwa Kiswahili kwanza, "natoa tatu x kila upande", kisha waiandike kwa alama, ambazo hazina lugha.

Mchangiaji wa tatu

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa mtoto wa Kidato cha Pili. Jana alileta swali hili nyumbani: 8 − 2(x − 3) = 3x − 1. Yeye alipata x = 3/5, na rafiki yake alipata x = 17/3. Nimejaribu kuwasaidia nikashindwa kujua nani amepatia, kwa sababu kila mmoja anaeleza vizuri. Tafadhali tusaidie.

Mleta mada

Marahaba, mama. Uhakiki ndio utakaotuambia, hata kabla hatujajua kosa liko wapi. Chukua x = 3/5, ambayo ni 0.6. Kushoto, x − 3 ni −2.4, mara 2 ni −4.8, na 8 ukiondoa −4.8 ni 12.8. Kulia, 1.8 − 1 ni 0.8. Hazilingani. Fanya vivyo hivyo kwa 17/3: kushoto unapata 8 − 16/3, yaani 8/3, na kulia unapata 16. Hazilingani pia. Wote wawili wamekosa.

Mtoto wako alifungua mabano akaandika 8 − 2x − 6. Aliizidisha 2 kwa 3 lakini akaisahau alama ya kutoa iliyo mbele ya 2 alipofika kwenye −3. Kinachotolewa hapa ni furushi zima la 2(x − 3), yaani 2x iliyokwisha kupunguzwa 6. Ukitoa 2x nzima umetoa kupita kiasi kwa 6, kwa hiyo lazima uirudishe: 8 − 2x + 6. Rafiki yake alitoa 2 kutoka 8 kwanza, akapata 6(x − 3), na hilo ni kosa la mpangilio wa matendo, maana 2 ile imeshikamana na mabano kwa kuzidisha na haiwezi kubanduliwa ikatolewe peke yake.

Kwa usahihi ni hivi: 14 − 2x = 3x − 1. Ongeza 2x kila upande, unapata 14 = 5x − 1. Ongeza 1 kila upande, unapata 15 = 5x, na x ni 3. Kushoto mabano yanakuwa sifuri na inabaki 8. Kulia 9 − 1 ni 8. Mwombe mtoto aandike mstari wa kufungua mabano peke yake, bila kuhamisha wala kujumlisha kitu kingine katika mstari huo huo. Makosa mengi ya namna hii nimeyaona yakizaliwa pale kazi mbili zinapofanywa katika mstari mmoja.

Mchangiaji wa nne

Mwalimu mwenzangu, naheshimu hoja yako lakini nina pingamizi. Darasa langu lina wanafunzi wengi kuliko madawati, na mtihani una muda wake. Nikimfundisha kila mmoja aandike "toa 3x kila upande" kwa kila hatua, hatutamaliza mada. Kanuni ya kuhamisha ni fupi na inafanya kazi. Sioni ubaya wa kuitumia mradi nisisitize kwamba inahusu kujumlisha na kutoa tu.

Mleta mada

Ndugu yangu, hali ya madarasa naijua na sitaki kuonekana ninayedharau kazi yako. Sisemi kanuni ifutwe. Mimi mwenyewe nikiwa na karatasi yangu nahamisha bila kufikiri. Hoja yangu ni kuhusu ipi itangulie. Mwanafunzi aliyeandika hatua kamili kwa wiki mbili huanza mwenyewe kuruka mstari wa kati, kwa sababu ameona kwamba kutoa 3x pande zote kunaifanya itoweke hapa na kutokea kule ikiwa na alama tofauti. Wakati huo kanuni ni ufupisho wa jambo analolijua, na akipata mashaka anaweza kurudi kwenye chanzo. Aliyepewa ufupisho kwanza hana pa kurudi.

Kuhusu muda, naomba uangalie mada zinazofuata. Mwanafunzi huyo huyo atakutana na milinganyo yenye sehemu, kisha kubadilisha kiini cha kanuni za fizikia, yaani kuiacha herufi nyingine ya kanuni ikae peke yake upande mmoja, kisha milinganyo miwili yenye herufi mbili. Kila mahali atahitaji kujua kilichojumlishwa na kilichozidishwa. Wiki moja niliyoipoteza kwenye mizani nimeipata tena huko mbele, na nimeipata kwa kutofundisha upya.

Mchangiaji wa tano

Mimi ni mwanafunzi. Nina maswali mawili. La kwanza, nimepewa x/3 + 2 = x/4 + 3 nikazidisha kwa 12 nikapata 4x + 2 = 3x + 3, jibu x = 1, lakini kitabu kinasema 12. La pili, kuna wakati x inapotea yote nabaki na namba tu. Je, hapo nimekosea?

Mleta mada

Mwanangu, umechagua 12 vizuri, kwa kuwa ndiyo kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 4. Lakini umeizidisha kwa 12 ile sehemu yenye x tu, ukaziacha 2 na 3 kama zilivyokuwa. Rudi kwenye mizani: ukitaka kuufanya upande uwe mara kumi na mbili, kila kilichomo sahanini lazima kiwe mara kumi na mbili, hata kile ambacho hakikuwa na asili, yaani namba ya chini ya sehemu, ya kukusumbua. Ni 4x + 24 = 3x + 36, na x = 12. Hakiki: 4 + 2 na 3 + 3, zote ni 6.

Kwa kuwa uko kwenye sehemu, jaribu na hii: (x + 7)/2 = x − (x − 1)/3. Zidisha kila kitu kwa 6, upate 3x + 21 = 6x − 2(x − 1). Mstari wa sehemu ulikuwa unafanya kazi ya mabano, na mstari unapoondoka, mabano lazima yaandikwe. Ukiyaacha utaandika 6x − 2x − 1 au 6x − 2x − 2, na zote ni makosa. Ukifungua ipasavyo ni 3x + 21 = 4x + 2, na x = 19. Kushoto 26 ukigawanya kwa 2 ni 13. Kulia 19 − 6 ni 13.

Swali lako la pili ni zuri, na x kutoweka pande zote si lazima iwe kosa. Turudi kwa wakodishaji viti. Tuseme wote wawili wanatoza 500 kwa kiti, ila usafiri ni 30,000 kwa mmoja na 10,000 kwa mwingine. Mlinganyo ni 30,000 + 500x = 10,000 + 500x, na ukitoa 500x kila upande unabaki na 30,000 = 10,000, jambo ambalo si kweli. Maana yake ni kwamba pengo la 20,000 halifungwi hata kwa shilingi moja, kwa hiyo hakuna idadi ya viti itakayowalinganisha. Unaandika kwamba mlinganyo hauna jibu. Sasa tuseme usafiri nao ni sawa kwa wote. Utabaki na 30,000 = 30,000, ambayo ni kweli daima, maana yake bei zao zinalingana kwa idadi yoyote, na kila namba ni jibu. Ndivyo ilivyo pia kwa 4(x + 3) = 4x + 12, ambapo pande mbili ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa namna mbili.

Usichanganye hayo na 5x + 7 = 2x + 7. Hapa unapata 3x = 0, na x ni sifuri. Sifuri ni jibu kamili. Pengo lilikuwa halipo tangu mwanzo. Wanafunzi wengi wakiona sifuri huandika "hakuna jibu", na hupoteza alama waliyokwisha kuipata.

Mchangiaji wa sita

Shule niliacha siku nyingi, naendesha lori kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Mwalimu, hili la pengo nimelielewa moja kwa moja. Mimi nikitangulia kwa saa mbili na mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na mtu wa gari dogo akija nyuma yangu kwa 90, atanikuta wapi?

Mleta mada

Kaka, umeuliza swali lenye x pande mbili bila kuandika x. Tuseme gari dogo limesafiri saa t hadi kukukuta. Wewe utakuwa umesafiri saa t + 2. Umbali ni mmoja, na hapo ndipo alama ya usawa inapotoka:

60(t + 2) = 90t

Ukifungua mabano ni 60t + 120 = 90t, kisha 120 = 30t, na t = 4. Ile 120 ni kilomita ulizotangulia, na ile 30 ni kilomita anazokukaribia kila saa. Atakukuta kilomita 360 kutoka Dar es Salaam, na kwa kuwa safari nzima ni kama kilomita 450, atakukuta hujafika Dodoma.

Sasa mwache aje kwa 70 badala ya 90. Pengo ni lile lile la kilomita 120, lakini linafungwa kilomita 10 tu kwa saa, hivyo t = 12, na umbali ni kilomita 840. Hesabu haina kosa lolote, ila wewe utakuwa umeshafika Dodoma saa kadhaa kabla ya kilomita hizo. Nawaomba vijana wanaosoma hapa walitazame hili: baada ya kuhakiki ndani ya mlinganyo, hakiki pia ndani ya swali. Namba inaweza kutimiza mlinganyo na bado isiwe jibu la kilichoulizwa.

Mchangiaji wa tano

Mwalimu, je, jibu likiwa hasi? Tumepewa mama ana miaka 50 na mtoto ana miaka 20, baada ya miaka mingapi umri wa mama utakuwa mara tatu ya wa mtoto. Nimepata −5, nikafuta.

Mleta mada

Rudisha ulichofuta. Uliandika 50 + x = 3(20 + x), yaani 50 + x = 60 + 3x, ukatoa x na 60 kila upande ukapata −10 = 2x. Kazi yako ni safi. Miaka mitano hasi "baadaye" ni miaka mitano iliyopita, mama alipokuwa na 45 na mtoto 15. Tofauti ya umri wao ni 30 na haibadiliki, kwa hiyo mama alikuwa mara tatu ya mtoto mara moja tu maishani, pale mtoto alipokuwa na nusu ya 30. Kama swali lingeulizwa mtoto akiwa na miaka 8 na mama 38, ungeandika 38 + x = 3(8 + x) na kupata 7, ukafika kwenye 45 na 15 zile zile ukitokea nyuma. Andika katika daftari lako "ilikuwa miaka 5 iliyopita", kisha weka uhakiki chini yake.